Kobe Walioshiba Halua

Hakuna aliyewahi kuingia nyumbani kwa Mauza akatoka hana kitu tumboni. Fundi bomba akija kutazama mfereji, atakunywa chai kwa mkate wa kumimina kabla hajafungua mkoba wake. Msoma mita akibisha hodi, ataondoka na sambusa za moto ndani ya gazeti. Kuna mgeni wa mumewe aliyewahi kujitetea kwamba amefunga sunna. Mauza hakubishana naye. Alimjazia pilau kwenye hotpoti akamwambia akafuturie kwake.

Nyumba yenyewe ilikuwa fleti ya ghorofa ya tatu, Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, juu ya duka la mapazia la mumewe, Ubeid. Harufu ya hiliki na vitunguu vinavyokaangwa iliteremka ngazi mpaka dukani, na wateja walipimiwa kitambaa huku wanameza mate.

Basi asubuhi moja Mauza alipomnyooshea Kahawa kipande cha halua, na Kahawa akageuza kichwa na kukirudisha ndani ya gamba, Mauza alibaki ameinama pale kwenye beseni, mkono uko hewani, haamini.

"Rania!" akamwita binti yake. "Njoo umwone huyu. Anakataa halua!"

Kahawa alikuwa kobe. Kobe wa maji, mpana kama kisahani cha kikombe, mwenye mistari ya manjano shingoni. Mwenzake, Tende, alikuwa mkubwa kidogo na mwenye papara zaidi. Waliletwa na Pius, fundi wa majokofu mwenye karakana Gerezani, ambaye alipanga chumba cha chini kwenye jengo hilohilo. Pius alipofika mjini kutoka Masasi, kabla hajapata kazi ya maana, alikuwa akila kwa Mauza, na tangu hapo kila kitu kilichomshinda alikipandisha ghorofa ya tatu. Safari hii alikuja na ndoo. Mteja wake mmoja, mgeni aliyemaliza mkataba na kurudi kwao, alikuwa amemwachia.

"Shikamoo Mama Rania. Nimeleta wageni."

"Marahaba mwanangu," Mauza alijibu, akachungulia ndani ya ndoo. "Wamekula?"

Tangu siku hiyo kobe wale walikula. Mauza aliwaweka kwenye beseni kubwa la kufulia karibu na dirisha la jikoni, akawapa majina, na kila alichopika hakikukosa kufika pale. Waliinua shingo wakimwona, wakafungua midomo kama wazee wasio na meno, na yeye akacheka peke yake. Watoto wake wengine wawili walikuwa wameshaoa na kuhama. Rania, aliyebaki, alikuwa chuoni na kila siku alisema ameshiba. Kobe hawakusema wameshiba hata siku moja.

Rania akaja, akapiga magoti. Alimgeuza Kahawa taratibu kuelekea mwangani.

"Mama, si kwamba anakataa. Haoni. Macho yamevimba, angalia." Kisha akagusa ukingo wa gamba, akaondoa kidole haraka. "Na hapa panabonyea."

"Panabonyeaje?"

"Kama kifuniko cha plastiki."

Mauza aliweka ile halua kwenye kisahani, akanawa mikono, akavaa baibui lake. Rania akawatia kobe ndooni.

Zahanati ya mifugo ilikuwa Buguruni, katikati ya duka la vyakula vya kuku na gereji ya pikipiki. Daktari aliitwa Elimringi, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kubembeleza hata anapoongea na binadamu. Alimchukua Kahawa, akamtazama machoni, akambonyeza gamba kwa kidole gumba, akafanya hivyo hivyo kwa Tende. Halafu akauliza:

"Wanakula nini, mama?"

Swali hilo Mauza alikuwa amelingoja tangu kwenye bajaji.

"Hawali hovyo, daktari. Asubuhi mkate wa kumimina, tena ule wa katikati, laini. Mchana wali wa nazi au pilau, na nyama nawachambulia kwa mkono wangu. Jioni sambusa. Ijumaa biriani. Na halua kidogo, ya kufurahisha roho."

Daktari aliacha alichokuwa anafanya. "Biriani ya kuku au ya mbuzi?"

"Ya mbuzi."

"Mama, hawa wanakula kunishinda mimi."

Rania alicheka mpaka akajishika mdomo. Mauza naye alitabasamu, kwa sababu alidhani amesifiwa. Lakini daktari alivuta kiti, akakaa karibu naye, na tabasamu likaanza kumtoka.

"Huyu mdogo amevimba macho kwa kukosa vitamini A. Magamba yao yamelegea kwa kukosa madini ya chokaa, na jua pia hawalipati la kutosha. Ule mwanga wa dirishani unapita kwenye kioo, hauwasaidii. Chumvi, sukari, mafuta, viungo, vyote hivyo mwili wa kobe haujui uvipeleke wapi. Hawajaambukizwa ugonjwa wowote, mama. Wamependwa kupita kiasi tu."

"Sasa wale nini?"

"Majani. Kobe wa aina hii akiwa mtoto anapenda nyama, lakini akishakua majani ndiyo yanayotakiwa yawe mengi. Matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, karoti. Mara mojamoja dagaa au kamba asiye na chumvi. Na hicho kitoweo kisizidi ukubwa wa kichwa chake."

"Kichwa chake?" Mauza alimtazama Kahawa. "Daktari, kichwa chenyewe si kama tunda la kunazi?"

"Basi kunazi moja, mama."

Walirudi na dawa ya matone ya macho na vitamini kwenye kichupa. Njiani Rania alijaribu kumtania kuhusu biriani ya mbuzi, akaona mama yake ameangalia pembeni, akaacha.

Wakati wa chakula cha mchana Ubeid alipanda kutoka dukani, akakuta meza imeandaliwa kama kawaida lakini mkewe amekaa jikoni, kwenye kigoda, mbele ya beseni.

"Kumbe ni mkono wangu," Mauza alisema bila kugeuka. "Mimi nilidhani nawatunza. Kumbe kila tonge ninalowapa nawapofua macho."

Ubeid hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisimama pale mlangoni akikuna ndevu.

"Daktari amekwambia ufunge jiko?"

"Hapana."

"Amekwambia ubadilishe mapishi. Sasa hapa Kariakoo nzima, kama si wewe, nani mwingine anayeweza kuambiwa abadilishe mapishi na akaweza?"

Mauza alimtazama mumewe, akaona kwamba hamtanii. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Nenda kale," akamwambia. "Pilau linapoa."

Kesho yake asubuhi aliteremka na kikapu. Sokoni alikuwa na muuza mboga wake wa siku zote, Zamzam, mwanamke wa Lindi aliyependa kucheka.

"Karibu Mama Rania! Mchicha huo hapo, wa asubuhi hii hii."

"Leo sitaki wa kupika. Nataka majani ya kuliwa mabichi."

Mauza alichagua kama anayechagua kitambaa cha bi harusi. Alinusa kila fungu kuhakikisha halina harufu ya dawa. Aliinua matembele juu kwenye mwanga kuona kama yametobolewa na wadudu, na yaliyotobolewa ndiyo aliyoyachukua, akisema kwamba kama mdudu amekula akaishi, basi na mwingine ataishi. Saladi aliisogeza kando, Rania alikuwa amesoma kwamba ile ni maji matupu. Alichukua majani machanga ya maboga, majani ya kunde, na karoti nyembamba zenye rangi iliyokolea.

"Mgeni gani huyo anakula mboga mbichi?" Zamzam aliuliza. "Mzungu?"

"Kobe."

Zamzam alicheka mpaka akaegemea gunia la jirani yake. "Kwetu Lindi kobe tunakutana nao porini wanajitafutia. Sijapata kumuuzia mboga hata mmoja!" Lakini alipoelezwa habari ya macho aliacha kucheka, akaongeza kwenye kikapu fungu la majani ya kunde. "Hili la mgonjwa. Mwambie Zamzam anampa pole."

Kwenye dagaa Mauza aliwasumbua wauzaji zaidi. Kila mmoja aliapa kwamba dagaa wake hawana chumvi, na kwa kila mmoja Mauza aliuma dagaa, akasikilizia ulimini, akatikisa kichwa. Alifika mpaka mwisho wa safu ndipo alipokubali. Ubeid naye alirudi jioni na mfupa mweupe wa ngisi, ule ambao wafuga kasuku huwawekea ndege wao wapate chokaa, akauweka kwenye beseni kama mtu anayetoa zawadi.

Mauza aliosha majani mara tatu. Aliyakata membamba kama kachumbari. Alikwaruza karoti, akaroweka dagaa, akawatoa mchanga na vichwa. Akavipanga juu ya maji kwa duara, rangi kwa rangi, akarudi nyuma kutazama kazi yake.

Tende alikuja, akala dagaa wake kiasi cha kunazi, akayanusa majani, akaondoka. Kahawa hakuja kabisa. Majani yakabaki yanaelea mpaka yakalegea.

Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ya baada yake. Mauza alijaribu kukata makubwa, akajaribu kusaga, akajaribu kuyachovya kwenye maji aliyorowekea dagaa. Tende alikuwa akiyasukuma kwa pua ili apate nafasi ya kupita. Katika maisha yake yote ya kupika, harusi za watu, hitima, futari za msikitini, Mauza hakuwahi kurudishiwa sahani. Sasa alirudishiwa kila siku, tena na mtu asiyeweza hata kusema chakula kina kasoro gani.

"Nani aliyekulea wewe?" alimwambia Tende. "Hata asante huna."

Mchana mmoja, akitoka kuswali, alisikia maji yakiruka jikoni. Akanyata. Akamkuta Ubeid ameinama juu ya beseni, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili una kipande cha mshikaki.

"Baba Rania!"

Ubeid aliruka, mshikaki ukamponyoka, Tende akaudaka kabla haujagusa maji.

"Alikuwa ananiangalia," Ubeid alisema.

"Kwani mimi haniangalii? Toa! Mtoe mdomoni!"

Kilichofuata kilihitaji watu watatu, taulo, na kelele nyingi. Rania alikuja mbio kutoka chumbani, peku, akaingiza mguu kwenye maji yaliyomwagika, akateleza, akashika ukingo wa beseni asianguke. Mshikaki ulipatikana. Ubeid aliteremka dukani akiwa amelowa hadi kifuani, na wateja hawakuthubutu kumuuliza.

Lakini Mauza alikuwa ameona kitu. Rania aliposhika ukingo wa beseni, vidole vyake vilining'inia ndani. Kucha alikuwa amezipaka rangi nyekundu, alikuwa anaenda kwenye sherehe ya rafiki yake. Na Tende, aliyekuwa amenyang'anywa tonge na kukasirika, alizifuata zile kucha kwa shingo yote, kulia, kushoto, kila zilipotikisika.

"Rudisha mkono," Mauza alisema.

"Ataniuma, mama!"

"Rudisha, usimguse. Tikisa tu."

Rania alitikisa vidole juu ya maji. Tende akafuata. Kahawa pia, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufunguka kwa dawa, akatoa kichwa na kujaribu kuona kinachoendelea.

"Hawataki kitu kilicholala," Mauza alisema polepole. "Mimi nawapangia mezani kama watu wa harusi, na wao wanataka kitu kinachokimbia. Na chenye rangi."

Akachukua karoti, akaimenya kwa kisu kutoka juu hadi chini, utepe mrefu, mwembamba, uliojikunja. Akaufunga pamoja na jani la kunde kwa uzi wa pamba, akauchovya kwenye maji ya dagaa, akauvuta juu ya maji, taratibu, kisha kwa ghafla, kisha taratibu.

Tende aliruka juu yake kama aliyetukanwa. Karoti ikaingia mdomoni. Akatulia. Alionekana kama anataka kuitema, halafu akakumbuka kwamba ameipigania. Akatafuna. Akalivuta na jani la kunde.

"Amekula," Rania alinong'ona.

"Nyamaza. Bado mmoja."

Mauza alitengeneza kifungu kingine, kidogo zaidi, akakipitisha mbele ya Kahawa, karibu kabisa na pua. Kahawa alinyoosha shingo. Alikosa mara ya kwanza, akauma maji. Alikosa tena. Mara ya tatu Mauza alikitikisa kidogo tu, na mdomo ule mdogo ukafunga juu ya jani, ukang'ata, ukararua kipande, na kobe aliyekuwa haoni wala hali akakimeza.

Mauza alipiga vigelegele.

Hakukusudia. Vilimtoka vyenyewe, virefu, vya sauti ileile aliyotumia kwenye harusi za watoto wake, na dirisha lilikuwa wazi. Rania akaunganisha vyake, kwa sababu vigelegele haviachwi peke yavyo. Ghorofa ya pili Zulekha, jirani yao, alisikia, akaacha pasi juu ya nguo, akajibu kwa vyake na kupanda ngazi mbio. Nyuma yake wakapanda wengine.

"Mashallah, mashallah!" Zulekha aliingia akiwa ameshafungua mikono. Akamkumbatia Rania. "Hongera mwanangu! Wamekuja lini? Kijana wa wapi?"

"Kijana gani?" Rania aliuliza.

"Si mmepokea posa?"

Watu walikuwa wamejaa mpaka kwenye korido. Pius alifika wa mwisho, ndiyo kwanza anarudi kutoka karakana, bisibisi bado iko mfukoni, anatweta.

"Hakuna posa," Mauza alisema. "Kahawa amekula majani."

Walitazamana. Kisha Zulekha alichungulia ndani ya beseni, akamwona Kahawa ana kipande cha kijani kinaning'inia mdomoni, akaanza kucheka, na kicheko chake kikawaangusha wengine wote. Rania alijifunika uso kwa mtandio, anacheka na anataka ardhi immeze. Ubeid naye alipanda, kanzu bado mbichi, akauliza mahari ni kiasi gani.

Na kwa kuwa watu walikuwa wamekuja kwa Mauza, hawakuweza kutoka hivi hivi. Sambusa zilikaangwa. Chai ilichemka. Mtu aliuliza kama kobe nao watapata sambusa leo, siku yao, na Mauza akamtazama mtu huyo kwa jicho ambalo halikuhitaji maelezo.

Tangu hapo kulisha kobe ikawa shughuli ya jengo zima. Kila aliyepita alitaka kuvuta uzi. Baada ya muda uzi haukuhitajika tena. Tende alikuwa akila matembele yakiwa yamelala juu ya maji, na kila siku aliung'oa mfupa wa ngisi kipande. Kahawa alizoea upesi zaidi, akapenda majani ya maboga kuliko kitu chochote, na dagaa wake alimla wa mwisho, bila haraka.

Walipompeleka Kahawa tena Buguruni, Daktari Elimringi alimgeuza upande huu na huu. Macho yalikuwa safi na makali. Gamba lilianza kuwa gumu.

"Mama, umefanyaje?"

"Nimepika," Mauza alisema.

Kisha akauliza swali lililokuwa likimsumbua, na aliuliza kwa sauti ya chini, kama anaomba ruhusa ya kitu kisichofaa. "Daktari, na siku ya sikukuu je? Kiumbe hawezi kuishi bila kitu cha kufurahisha roho."

Daktari alifikiri. "Tunda. Kipande kidogo cha papai, au tikiti, mara moja kwa wiki. Kidogo, mama. Na mkimaliza kuwashika, osheni mikono."

"Papai," Mauza alirudia, na Rania aliona kwamba mama yake ameshaanza kuchagua ni lipi.

Ijumaa ile, baada ya swala, Pius aliwaita wote wapande juu ya paa, pale wanapoanika nguo. Alikuwa amepandisha friza la zamani lililokufa, la kulala lenye mfuniko juu, akalitoa mashine, akalipunguza kimo nusu kwa msumeno, akaziba kila tundu, akasugua kingo zote zisikwaruze. Ndani alikuwa amejaza maji safi, akapanga mawe ya kupandia upande mmoja na kuweka kivuli cha bati upande wa pili. Bomba la kubadilishia maji lilikuwa chini, lenye koki.

"Dirishani hawapati jua," alisema, kama anayeomba radhi. "Hapa watalipata."

Mauza alimtia Tende majini, kisha Kahawa. Waliogelea kwa mshangao, hawajazoea kuogelea mbali hivyo bila kugonga ukuta. Rania aliweka vipande viwili vya papai juu ya jiwe. Tende aliruka akala chake na kujipaka mashavuni. Kahawa alipanda pole pole, akala kwa adabu, kisha akageukia jua, akafumba macho, akanyoosha miguu ya nyuma yote miwili, vidole vimetanuka, kama mtu aliyejilaza baada ya chakula kizuri.

Chini mtaani magari yalipiga honi na wapagazi walipiga kelele za kuomba njia. Ubeid aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mauza alisimama kando ya maji, mikono kiunoni, akimtazama Kahawa bila kupepesa.

"Pius," alisema hatimaye, bila kugeuka, "wewe umekula?"